Watoto Tisini na Nne wa Bwana Juma

"Nilisema baba!" Mwalimu Masanja alipiga rula mezani. "Nilisema mbele ya darasa zima, kesho uje na baba yako. Sikusema bibi."

"Ndiyo nimekuja," alisema Gati.

"Lakini wewe ni bibi yake, mama."

"Nyumbani ni bibi. Leo nimekuja kama baba. Uliita baba, au hukuita?"

Mokami alisimama katikati yao akiangalia vidole vya miguu yake. Alikuwa na miaka kumi, darasa la nne, na sare iliyoshushwa pindo mara mbili. Viganja vyake alikuwa amevificha nyuma. Siku ya Jumatatu vilipata viboko viwili, kimoja kila upande, na leo ilikuwa Alhamisi.

Mwalimu Masanja alikuwa amemwamkia Gati shikamoo pale mlangoni, vizuri kabisa, kwa kuinama kidogo, kabla ya kuanza kumpigia kelele. Gati aliitikia marahaba akakaa bila kukaribishwa. Magoti yake yalikuwa yamechoka na njia, na isitoshe, aliona baba hasimami ofisini kama mtu aliyekuja kuomba chumvi.

"Kwenye rejesta," Masanja aliendelea, "baba wa mtoto huyu ni Waitara. Waitara yuko wapi?"

"Kaburini. Alikufa miaka sita kabla huyu hajazaliwa."

"Sasa inawezekanaje awe baba yake?"

"Alikuwa mume mwema," alisema Gati, "lakini si kwa kiasi hicho."

Nyuma ya meza kubwa, mwalimu mkuu Veneranda alikohoa ili asicheke. Alikuwa mtu wa Bukoba, ila miaka minne ya kukaa hapa Susuni ilikuwa imemtosha kuwajua wenyeji. Akageuza simu yake kifudifudi juu ya madaftari.

"Mwalimu Masanja, wewe una miezi mitatu tu hapa. Hawa wana desturi yao. Mwanamke mwenye mji wake, akikosa mtoto wa kiume, anatoa ng'ombe, anaoa mke. Mke anazaa, watoto wanakuwa wa nyumba ile. Wanaita nyumba ntobhu. Huyu mama ndiye aliyemuoa mama yake Mokami."

Masanja alimtazama Gati, akamtazama mwalimu mkuu, akamtazama tena Gati. Kwao Usukumani alikuwa amesikia mengi kuhusu Wakurya, na hili hakuna aliyemwambia.

"Na aliyemzaa? Namaanisha mwanamume?"

"Hiyo haiulizwi, mura," alisema Gati, kama Wakurya wanavyomwita kijana.

"Sasa mimi ningejuaje? Mtoto ananiandikia 'Baba yangu ni mwanamke', darasa zima linaanguka chini kwa kicheko, nidhamu imekwisha. Nikajua ananifanyia mzaha."

"Ungemuuliza."

"Wako tisini na nne, mama. Tisini na nne! Nikimuuliza kila mmoja baba yake ni nani, tutafika Krismasi."

 Gati alikuwa anaitazama karatasi iliyokuwa chini ya kiwiko cha mwalimu mkuu, ukurasa uliochanwa kutoka kwenye daftari, wenye msalaba mwekundu uliotoka pembe hadi pembe na sifuri chini yake. Hakujua kusoma, ila aliujua mwandiko huo kama anavyoijua kamba aliyoifunga mwenyewe.

"Ndiyo hiyo?" aliuliza. "Nisomeeni. Nimeitwa kwa kesi, na kesi yenyewe sijaisikia."

Masanja alisema haina haja. Veneranda alikuwa ameshaichukua.

"'Baba yangu,'" alisoma. "'Baba yangu ni mwanamke. Ana meno sita na mawili yanagombana. Nyumba yake ilikuwa inalia kwa sababu haina watoto, akachukua ng'ombe kumi na wawili akaenda nao Kisaka kumleta mama. Watu walimcheka njiani, lakini ng'ombe hawakucheka. Baba yangu hajui kusoma, lakini akishika ushanga gizani anaijua rangi yake. Mimi namtungia uzi kwenye sindano kwa sababu macho yake huenda...' hapa ameandika 'kurara'."

"Ndiyo," alisema Gati. "Kurara."

"Kulala, mama," Masanja aliingilia. "Kulala."

"Si ndivyo nilivyosema? Kurara."

"'...huenda kulala mapema kuliko yeye,'" Veneranda aliendelea. "'Nikitunga uzi ananyamaza. Nikitunga hadithi pia ananyamaza. Lakini kimya cha kwanza si sawa na kimya cha pili. Watoto wengine wana baba mwenye ndevu. Wangu anazo tatu.'"

Gati alijishika kidevu.

Nje darasa la kwanza lilikuwa linaimba a-e-i-o-u. Katika miaka yake yote hapo Susuni, Gati alikuwa ameitwa mengi. Tasa. Mjane. Mwanamke anayeoa kama mwanamume. Aliitwa hivyo kwenye foleni ya kisima na kwenye mlango wa kanisa. Hakuna aliyewahi kumwita baba, wala yeye mwenyewe hakuwahi kulifikiria neno hilo. Mtoto alilitafuta peke yake. Alipewa kichwa cha habari ubaoni, akatazama nyumbani kwao nani aliyetoa ng'ombe, nani aliyempa jina, nani anayenunua sare, akaona hakuna mwingine.

"Uongo uko wapi humo?" aliuliza.

"Hakuna aliyesema ni uongo," alisema Masanja.

"Basi sifuri ni ya nini?"

"Kwa sababu hakufuata! Niliandika mfano ubaoni. Kazi ilikuwa kunakili mfano, kwa mwandiko mzuri, bila makosa. Wote walinakili. Yeye tu."

"Nionyeshe wengine."

Masanja alisukuma rundo la madaftari mbele kama mtu ambaye hatimaye amefikia ushahidi wake. Alifungua la juu. "Kisyeri. 'Baba yangu anaitwa Bwana Juma. Ni mrefu na mwembamba. Ni mkulima hodari. Anapenda kula wali na samaki. Ninampenda sana baba yangu.' Safi. Kumi kwa kumi."

Gati aliinua kichwa. Baba yake Kisyeri alikuwa amefukiwa na kifusi kwenye mashimo ya dhahabu mwaka juzi, na Gati alikuwa msibani siku tatu akichota maji.

"Mwingine."

"Ryoba. 'Baba yangu anaitwa Bwana Juma. Ni mrefu na mwembamba...'"

"Baba yake Ryoba ni mfupi kuliko mlango wa banda la mbuzi."

"Mama, huu ni mfano."

"Mwingine."

"Wote ni hivyo hivyo, mama. Wote."

"Kwa hiyo huyo Juma ana watoto tisini na watatu hapa," alisema Gati, "na mimi nilitoa ng'ombe kumi na wawili nikapata mmoja. Na huyo mmoja mnataka kumpa Juma."

Safari hii mwalimu mkuu alicheka kweli, kisha akajirudi, akajipangusa macho kwa ncha ya kitambaa chake. Masanja hakucheka. Alikaa kwenye kiti kilichokuwa kimebaki, na alipokaa alionekana kijana kuliko alivyokuwa amesimama. Kola yake ilikuwa imelika.

"Nikuambie kitu, mama," alisema, sauti ikishuka. "Ile karatasi nilienda nayo nyumbani. Nikamsomea mke wangu. Alicheka mpaka akalia. Akaniambia huyu mtoto ni hatari."

"Basi?"

"Basi nikaweka sifuri."

Alinyoosha kidole ukutani. Palikuwa na karatasi kubwa ya manila yenye majina ya shule zote za kata, kwa mpangilio wa matokeo. Shule yao ilikuwa chini kabisa, na mtu alikuwa ameipigia mstari.

"Mwalimu aliyekuwa na darasa hili mwaka jana alisimamishwa mbele ya walimu wa kata nzima, akaulizwa kama anafundisha au anachunga. Mtihani ni Oktoba. Unajua kwenye mtihani utungaji ni nini? Ni sentensi nne. Zimevurugwa. Mtoto anazipanga, A, B, C, D. Basi. Akizipanga sawa anapata. Hakuna mahali pa meno yanayogombana."

"Sentensi za nani?"

"Za mtihani."

"Yaani mtu mwingine ametunga, halafu mtoto anazipanga, halafu hiyo mnaita kutunga."

"Ndivyo ilivyo."

"Hiyo ni kuchambua mchele," alisema Gati.

Lakini alisema bila nguvu. Kitu kilikuwa kimemgusa mahali pabaya. Alimtazama Mokami, na Mokami alikuwa bado anaangalia vidole vya miguu yake, shingo imeinama upande wa kushoto. Gati aliijua shingo hiyo. Alikuwa ameiona wiki mbili zilizopita, nyumbani kwake mwenyewe, mchana kweupe.

Kazi ya Gati ilikuwa shanga. Kila mwisho wa mwezi kijana anayeitwa Steven huja na pikipiki kuchukua bangili za kupeleka kwenye maduka ya watalii, huko wanakoingilia mbugani. Huja na sampo. Sampo ni bangili moja iliyopigwa msumari juu ya kibao: bluu mbili, nyeupe mbili, nyekundu moja, kisha bluu tena. "Kama sampo, mama," husema Steven. "Isizidi, isipungue. Mzungu anataka alichokiona kwenye picha." Gati hutunga hamsini. Mokami akitoka shule hukaa kwenye mkeka karibu naye, anatunga uzi kwenye sindano tano kwa mpigo, anazichomeka kwenye gunzi la hindi ili bibi azikute tayari, na mdomo wake haufungi. Anasimulia fisi aliyekwenda kujiandikisha shule akakataliwa kwa sababu ya kicheko. Anasimulia mvua iliyopotea njia mpakani Sirari ikazungumza Kiswahili cha Kenya. Gati hunyamaza, hutunga, husikiliza.

Siku hiyo Mokami alikuwa amechukua sindano na kutunga bangili yake mwenyewe. Nyeusi, nyeusi, nyeupe mahali pasipotarajiwa, kisha wekundu uliomwagika kama madoa. Alisema ni yule ndama wa kina Kisyeri akiwa anakimbia. Akiwa anakimbia, si akiwa amesimama. Na kweli, ukiizungusha mkononi, madoa yalikwenda.

"Sampo iko wapi?" Gati alimuuliza.

"Nimeiacha ipumzike, bibi. Nimeufuata mkono."

Gati aliichukua bangili, akaukata uzi kwa meno, akaziacha shanga zianguke ndani ya kopo. Hakukasirika. Steven asingeichukua, na shanga nyeusi zilikuwa chache. Alifanya hivyo kama mtu anavyotoa jiwe kwenye maharage. Mokami aliinamisha shingo upande wa kushoto akaangalia vidole vya miguu yake.

Jioni ile alisimulia hadithi kama kawaida, kwa hiyo Gati alisahau. Tangu Jumatatu hii hakusimulia. Alitunga uzi kwenye sindano tano, akazichomeka kwenye gunzi, akaenda kuosha vyombo.

"Mama," alisema Veneranda. Simu yake ilikuwa imelia tena, na aliisoma kwa jicho moja. "Nakuelewa kuliko unavyodhani. Lakini kesho Afisa Elimu Kata anakuja kukagua madaftari. Anataka kazi iliyokamilika, iliyosahihishwa, ya kila mtoto. Mokami tangu Jumatatu amekataa kuandika. Anakaa nyuma, kalamu mkononi, haandiki. Siwezi kuonyesha daftari lenye ukurasa uliochanwa. Anakili mfano sasa hivi, hapa, yaishe. La sivyo aende nyumbani, na akienda nyumbani mwezi huu sijui Oktoba atafanya nini."

Nyumbani. Gati alilipima neno hilo. Nyumbani palikuwa na mkeka, kopo la shanga na kibao cha sampo. Nyumbani palikuwa na Eunice, mama yake Mokami, ambaye muda huo alikuwa amejiinamia kwenye mashina ya mahindi na jembe lenye mpini uliofungwa kamba. Nyumbani, msichana asiye na shule, akifika miaka kumi na tano watu huanza kupita pita wakiulizia kama ng'ombe wanaweza kuzungumzwa. Gati alijua vizuri jinsi ng'ombe wanavyozungumzwa. Ndivyo alivyompata Eunice.

"Mokami," alisema.

Mtoto hakuinua kichwa.

"Unataka kurudi nyumbani?"

 Gati alingoja. Alitamani asikie jambo lolote, hata la utovu wa adabu. Kwamba mwalimu ana masikio kama mabawa ya kumbikumbi. Kwamba Juma ana kazi ya kulea tisini na nne. Alingoja mpaka darasa la kwanza likamaliza irabu na kuanza upya.

"Andika," alisema Gati.

Sauti ilimtoka kavu, ile ile ya kumwambia mbwa atoke mlangoni.

Masanja alisogeza kiti, akafungua daftari kwenye ukurasa mpya, akaweka mfano pembeni. Mokami alikaa. Aliandika haraka, mgongo umenyooka, bila kuutazama mfano hata mara moja. Alikuwa ameshaujua wote kwa kichwa. Alipiga mstari wa kichwa cha habari kwa rula. Alipofika kwenye neno "kula" alisimama kidogo, akaandika herufi l kwa uangalifu mkubwa, ndefu na iliyonyooka kama mlingoti wa bendera. Kisha akamaliza, akaweka kalamu sambamba na ukingo wa daftari.

Masanja alisoma. Aliweka vema tano kubwa kwa kalamu nyekundu, na chini akaandika "Vizuri sana". Aliangalia pembeni alipokuwa akiandika hivyo.

"Na fomu," alisema Veneranda, kwa upole wa mtu anayeona mwisho wa kazi. Alitoa karatasi iliyochapwa. "Kwamba mzazi ameitwa, ameelezwa, amekubali. Weka dole gumba, mama, uende ukapumzike. Mwalimu Masanja, lete ule wino wa muhuri."

Kibati cha wino kililetwa. Gati alibonyeza dole gumba lake, dole lenye sugu ya sindano, likatoka bluu.

"Wapi?"

"Kuna sehemu mbili," alisema Masanja. "Hii ni ya..."

"Sikukuuliza wewe, mura. Namuuliza anayenisomea." Gati aligeuza uso. "Mokami. Nionyeshe pa kuweka."

Alimtazama mtoto machoni, au alijaribu. Alijua anachomwomba. Mokami wa wiki iliyopita angelijua pia. Angetabasamu kwa pembe ya mdomo, angeweka kidole pale alipotaka yeye, kisha angepata hadithi ya kusimulia mpaka sikukuu.

Mokami aliinama juu ya fomu. Alisoma mstari wa kwanza, akasoma wa pili. Kidole chake kilishuka hadi wa pili.

"Hapa, bibi. 'Mlezi.' Pale juu si pako. Pale ni pa baba."

Ilisemwa vizuri, kwa sauti ya darasani, na kila l mahali pake.

"Umeona, mama?" alisema Masanja. "Ameelewa."

Gati aliliangalia dole lake lililolowa. Kisha aliliinua, akakiruka kile kidole kidogo, akalibandika kwenye mstari wa juu. Alilikandamiza kwa uzito wa bega lote, akalizungusha kidogo upande huu na upande ule kama anayeua kupe, akalitoa.

"Mama!" Veneranda alisimama. "Fomu nilikuwa na hiyo moja tu!"

Alama ilikuwa imekaa katikati ya mstari, nzito, bado inang'aa. Mistari yake ilikuwa myembamba, imezungukana, inaanza katikati na kwenda nje, na mahali pa sugu ilikatika ikaacha doa jeupe. Mokami aliiangalia. Aliiangalia kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande wa kushoto, kama anayehesabu.

Kengele iligongwa.

"Nenda darasani," alisema Masanja. "Tunaanza kupanga sentensi."

Mokami alichukua daftari lake na kalamu yake, akatoka. Hakukimbia. Kwenye kona ya jengo aligeuka kulia pamoja na wengine, na migongo ya sare ikamchukua.

Gati alisimama, magoti yakalia. Aliunyoosha mkono juu ya meza kubwa akauchukua ukurasa ule wenye msalaba mwekundu, na hakuna aliyemzuia. Alipofika nje aliukunja mara nne, akaufunga kwenye ncha ya kanga, mahali anapoweka sindano. Kisha akaufungua tena pale pale uani, akaushika mbele ya macho yake, mbali, karibu, mbali tena. Wino wa dole lake ulikuwa umeshika pembe ya karatasi. Kutoka dirishani tisini na nne walikuwa wanaitikia kwa sauti moja: A. B. C. D.